Hata Wanyama Huhitaji Kuoa Mbali

Wazee wetu hapa Ngara na Biharamulo walitufundisha kuuliza ukoo kabla ya kupokea posa. Sisi wauguzi twaijua sababu: kasoro iliyojificha kwa baba ikikutana na ile ile iliyojificha kwa mama, mtoto anaweza kuzaliwa mgonjwa.

Wanyama hawana mshenga. Wanachohitaji ni njia ya kulifikia kundi jingine. Njia ikifungwa, huzaana ndugu kwa ndugu.

Mtaalamu Mtanzania, Dk. George Lohay, pamoja na wenzake walichunguza twiga wa pande mbili za Bonde la Ufa: wa Serengeti, na wa Tarangire na Manyara. Walisoma vinasaba vyao. Baadhi ya vinasaba mtoto huvipata kwa mama peke yake, awe wa kike au wa kiume, hivyo huonyesha ukoo wa mama. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2023 yanakadiria kwamba twiga majike hawajavuka magenge ya bonde lile kwa zaidi ya miaka 250,000, na madume kwa zaidi ya miaka 1,000. Basi twiga wakipungua upande mmoja, wa upande wa pili hawatakuja kuziba pengo.

Kule njia ilifungwa na mlima. Kwetu inaweza kufungwa na mikono yetu. Tunakumbuka Aprili 1994, wakimbizi wapatao 250,000 kutoka Rwanda walipovuka daraja la Rusumo kwa muda wa siku moja hivi. Ilikuwa haki kuwapokea. Lakini kila chungu kilihitaji kuni, na miti na wanyama wa mapori yetu walipungua sana.

Mwaka 2019 mapori ya Biharamulo, Burigi na Kimisi yaliunganishwa kuwa Hifadhi ya Taifa Burigi-Chato, yenye kilometa za mraba 4,707. Ni jambo jema. Hata hivyo, hifadhi iliyozungukwa na mashamba pande zote ni kama kisiwa.

Si rahisi kumweleza haya mama ambaye mahindi yake yameliwa na tembo usiku mmoja. Watoto wake nao wanataka kula. Ndiyo maana inafaa tukae na viongozi wa kijiji mapema, kabla ya msimu wa kulima, tujue mapito ya wanyama yako wapi, tusifungue shamba hapo. Tupande miti ya kuni karibu na nyumba, na tutumie majiko yanayokula kuni chache. Tukiacha mapito wazi, tembo naye atakuwa na pa kupita pasipo shamba.