Je, Wajua? Pampu ya zimamoto ilibuniwa Afrika

Pampu ya kwanza ya kusukuma maji kwa nguvu, msingi wa pampu ya zimamoto, ilitengenezwa Misri karne ya 3 kabla ya Kristo na Ctesibius, fundi wa Aleksandria. Ilikuwa na pistoni mbili zilizopokezana: moja ikivuta maji, nyingine iliyarusha nje. Mipira ya ngozi ya kupitisha maji ilikuja baadaye sana, Amsterdam, mwaka 1672. Leo pampu za kale za mkono zimehifadhiwa katika makumbusho ya Hall of Flame, Phoenix, Marekani.

Huku kwetu Keumbu, Kenya, kwenye barabara ya Kisii kwenda Keroka, huduma za zimamoto ni jukumu la kaunti kwa mujibu wa Katiba ya 2010. Magari na helmeti za zimamoto vikichakaa, viongozi wetu, msiviuze kama skrapu. Tujengeeni makumbusho yetu ya kuvihifadhi.