Mbwana Samatta, Mfungaji wa Mabao

Katika mji wa Dar es Salaam uko mtaa uitwao Kariakoo. Jina hilo latokana na jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi wa vita vya 1914 hadi 1918, waliopiga kambi mahali hapo. Mtaa huo wajulikana kwa soko lake, tena kwa mpira wa miguu. Maana klabu mbili zishindanazo kuliko zote nchini, yaani Young Africans na Simba, zina nyumba zao huko. Simba ilianzishwa mwaka 1936. Zamani iliitwa Sunderland, ikapewa jina la Simba mwaka 1971. Humo alipita Mbwana Samatta.

Samatta alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1992. Alicheza kwanza African Lyon, na mwaka 2010 akaingia Simba. Hakukaa sana. Mwaka 2011 Simba walipambana na TP Mazembe ya Lubumbashi, waliokuwa mabingwa wa Afrika kwa miaka miwili mfululizo. Simba walishindwa, lakini wakubwa wa Mazembe walikwisha kumwona kijana yule, wakamnunua. Safari hiyo ilikuwa na hatari yake. Kariakoo tayari alikuwa akishangiliwa. Lubumbashi walikuwako mahodari wengi, na kijana wa miaka 18 aweza kuketi benchini hata watu wakamsahau.

Hapa yafaa kueleza kazi ya mfungaji, kwa kuwa wengi wadhani ni nguvu za mguu tu. Goli lina upana wa mita 7.32 na kimo cha mita 2.44, na golikipa yu katikati. Mpira upigwao kwa nguvu nyingi, ukimwendea mikononi, haufai kitu. Kazi kubwa hufanywa kabla mpira haujafika. Mfungaji hujifanya anakwenda nyuma ya beki amlindaye, kisha hukata ghafula mbele yake. Hatua moja yatosha. Na katika kupiga kwa kichwa, nguvu hutoka kiunoni na shingoni, nalo paji la uso huupiga mpira macho yakiwa wazi. Afumbaye macho hukosa. Ndivyo Samatta alivyowafunga Liverpool, mabingwa wa Ulaya, huko kwao Anfield, tarehe 5 Novemba 2019, kwa mpira wa kona. Ingawa timu yake ilishindwa 2 kwa 1.

Lubumbashi hakusahauliwa. Mwaka 2015 Mazembe walitwaa tena ubingwa wa Afrika, naye akafunga mabao 7 katika mashindano hayo. Januari 2016, mjini Abuja, alitangazwa kuwa mchezaji bora miongoni mwa wachezao ndani ya Afrika. Hakuna mtu wa Afrika Mashariki aliyepata heshima hiyo kabla yake. Mwezi huo huo akaenda Genk, Ubelgiji. Mwaka 2019 Genk wakawa mabingwa wa nchi, naye alikuwa amefunga mabao 23 katika ligi.

Mwaka huo huo, akiwa nahodha, aliiongoza Tanzania katika Kombe la Mataifa ya Afrika huko Misri, mara ya kwanza tangu 1980. Michezo yote mitatu ilipotea, hata ule wa Kenya aliofunga yeye mwenyewe.

Januari 2020 Aston Villa walimchukua, akawa Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza. Tarehe 1 Machi alifunga kwa kichwa uwanjani Wembley, katika fainali ya Kombe la Ligi ambayo Manchester City walishinda 2 kwa 1. Kisha ugonjwa wa korona ukasimamisha michezo, na iliporudi hakufunga tena. Mabao yake huko yalikuwa 2 tu. Wako waliomcheka, nao hawakufikiri jinsi miezi ile ilivyokuwa michache. Septemba akahamia Fenerbahçe ya Uturuki, baadaye Antwerp, akarudi Genk, na mwaka 2023 akajiunga na PAOK ya Ugiriki, waliotwaa ubingwa mwaka 2024. Mwaka 2025 alikwenda Le Havre, Ufaransa, mji wa bandari kama ule aliozaliwa.