Mtaa, Rangi na Maradhi: Jinsi Utengano wa Makazi Unavyopimwa

Mwaka 1896 Frederick Hoffman, mwanahesabu wa shirika la bima la Prudential huko Marekani, alitoa kitabu alichodai ndani yake kwamba wingi wa vifo miongoni mwa watu weusi wa nchi ile ulitokana na maumbile yao wenyewe, na kwamba kwa sababu hiyo hapakuwa na tiba wala usafi wa mji utakaowanusuru. Mwaka huo huo W. E. B. Du Bois, msomi mweusi ambaye umri wake ulikuwa bado haujatimia miaka 30, aliingia Kata ya Saba ya mji wa Philadelphia akaanza kupita nyumba kwa nyumba, akiuliza kila jamaa hukaa wangapi katika chumba, maji huyapata wapi, na ujira wao ni kiasi gani. Na alipotoa matokeo ya uchunguzi wake mwaka 1899, ilibainika kwamba mauti yalikuwa yakiandama nyumba mbovu, msongamano na ufukara, wala si damu ya mtu.

Tangu hapo swali limebaki mikononi mwa wanazuoni wa afya: ikiwa mahali anapokaa mtu pana sehemu katika maradhi yake, na ikiwa rangi au kabila lake ndilo lililoamua akae wapi, basi utengano huo utapimwa vipi hata uweze kuwekwa katika hesabu moja na vifo vya watoto wachanga, shinikizo la damu na kifua kikuu? Sisi wa Afrika Mashariki hatuna haki ya kulitazama swali hili kama jambo la ughaibuni, maana mwaka 1913 Profesa W. J. Simpson, tabibu aliyetumwa na Serikali ya Uingereza kukagua usafi wa miji yetu, alishauri kwamba Wazungu, Wahindi na Waafrika wakae mbalimbali, kwa hoja ya kujikinga na maradhi; na uwanja wa Mnazi Mmoja, Dar es Salaam, uliachwa wazi baina ya Uhindini na Kariakoo kwa fikira ya namna hiyo hiyo. Siha iliyotumiwa zamani kuhalalisha mpaka ndiyo leo inayotumiwa kuushitaki, nami naona ni insafu iliyochelewa.

Kipimo kilichoenea kuliko vyote ni kile cha kutolingana, ambacho Otis Dudley Duncan na Beverly Duncan walikifafanua mwaka 1955, na hesabu yake haimshindi mtu yeyote aliyesoma darasa la saba. Tuseme mji una mitaa miwili tu, na wakazi wake ni weupe 1,000 na weusi 1,000. Mtaa wa kwanza una weupe 800 na weusi 200, na wa pili una weupe 200 na weusi 800. Katika kila mtaa twatazama ni fungu gani la weupe wote wa mji lililomo, na ni fungu gani la weusi wote, twatoa dogo katika kubwa, twajumlisha tofauti za mitaa yote, kisha twagawa kwa mbili: 60 na 60 ni 120, na nusu yake ni 60. Maana yake ni kwamba weusi 600 katika kila 1,000 wangelazimika kuhama ndipo makundi yote mawili yaenee mjini kwa uwiano mmoja. Sifuri ni mchanganyiko kamili, 100 ni utengano kamili, na watafiti wa Marekani wana desturi ya kuhesabu 60 na zaidi kuwa utengano mkubwa.

Lakini kipimo hicho hakioni kila kitu. Hebu tuongeze weupe wa mji wetu mara kumi, wawe 8,000 katika mtaa wa kwanza na 2,000 katika wa pili, na weusi wabaki vile vile walivyokuwa. Kipimo cha kutolingana kitabaki 60 bila ya kutikisika, ilhali maisha ya watu yamegeuka kabisa. Hapo ndipo hutumiwa kipimo cha upweke wa kundi, ambacho huuliza: mtu mweusi wa kawaida, akitazama wakazi wa mtaa wake, ataona weusi wangapi katika kila mia? Katika mji wa kwanza jibu ni 68. Katika wa pili ni 23 tu. Mtafiti anayechunguza namna maradhi ya kuambukiza yanavyopita baina ya jirani na jirani atapotea akishika kipimo cha kwanza na kuliacha swali hili la pili.

Mwaka 1988 Douglas Massey na Nancy Denton walipanga vipimo 20 vya aina hii katika nyuso tano za utengano: kutolingana, kutokutana, kubanwa katika eneo dogo, kukaa karibu na kitovu cha mji, na kurundikana kwa mitaa ya kundi moja mahali pamoja. Uso huu wa mwisho una uzito, kwa kuwa mitaa ya weusi iliyotawanyika mithili ya vijumba vya ubao wa drafti, na mitaa ile ile iliyoshikana ikawa mji ndani ya mji, hutoa hesabu moja ya kutolingana. Aidha kuna taabu ya mipaka yenyewe: maeneo ya sensa ya Marekani huwa na watu wapatao 4,000, na ukiyagawa madogo zaidi utengano mara nyingi huonekana kuzidi, ingawa hakuna aliyehama.

Baadaye watafiti wa afya, na hasa Nancy Krieger na wenzake, waliuchukua utaratibu mwingine wa Massey, ambao kwao hutoa idadi ya weusi mafukara katika idadi ya weupe matajiri wa eneo, kisha hugawa kwa wakazi wote, hata kila eneo dogo likapata alama yake baina ya kutoa moja na moja. Mimi napendelea kipimo hiki, kwa sababu kinatamka upendeleo na unyonge kwa pamoja, badala ya kuwatazama wanyonge peke yao kana kwamba wao ndio ugonjwa.

Hata hivyo Julai 1995 ilionyesha kwamba hesabu pekee haitoshi. Joto kali liliushukia mji wa Chicago na watu zaidi ya 700 wakafa, wengi wao wazee waliokuwa peke yao vyumbani. Eric Klinenberg, mwanazuoni wa elimu ya jamii, alilinganisha mitaa miwili inayopakana, North Lawndale wa watu weusi na South Lawndale wa watu wenye asili ya Meksiko. Yote miwili ilikuwa ya mafukara waliotengwa, lakini kiwango cha vifo katika ule wa kwanza kilikaribia mara kumi ya kile cha jirani yake. North Lawndale ulikuwa umekimbiwa na viwanda, maduka na zaidi ya nusu ya wakazi wake, hata wazee wakaogopa kutoka nje. South Lawndale ulikuwa na maduka yaliyo wazi, makanisa yenye watu na njia zenye pilikapilika, na mzee alikuwa na mahali pa kwenda na mtu wa kumwulizia. Namba moja ya utengano wa mji mzima isingeweza kueleza tofauti hiyo.

Kwa hiyo inafaa kuuliza nani aliyechora mpaka. Katika miaka ya 1930 shirika la serikali ya Marekani lililosimamia mikopo ya nyumba lilichora ramani za miji zaidi ya 200, likapaka rangi nyekundu mitaa iliyohesabiwa kuwa hatari kwa mkopeshaji, na mitaa ya weusi karibu yote ikapata rangi hiyo. Uchunguzi wa miji 108 uliotolewa mwaka 2020 uliona kwamba ardhi ya mitaa ile ya wekundu ina joto zaidi kuliko mitaa mingine kwa wastani wa digrii 2.6, kwa sababu ina miti michache na lami nyingi. Sensa huhesabu watu. Kivuli haikihesabu, na mtafiti asiyetafuta ramani hizo za zamani atalihesabu joto lile kuwa jambo la maumbile ya nchi.

Limebaki tatizo gumu kuliko yote, nalo ni kujua kama mtaa ndio uliomdhoofisha mtu, au mtu dhaifu ndiye aliyelazimika kwenda kukaa katika mtaa wa bei rahisi. Kuanzia mwaka 1994 Serikali ya Marekani ilijaribu kulitatua katika miji mitano, Chicago ukiwa mmojawapo, kwa kupiga kura baina ya jamaa mafukara na kuwapa waliobahatika msaada wa kodi wahamie mitaa yenye ufukara mdogo. Na miaka mingi baadaye wanawake waliopewa nafasi hiyo walionekana kuwa na unene wa kupindukia na kisukari kidogo kuliko wenzao waliokosa. Lakini wengi katika waliohama walifikia mitaa ambayo wakazi wake walikuwa bado ni weusi au Walatino kwa wingi, hata jaribio lile likawa limepima ufukara wa mtaa zaidi ya lilivyopima utengano wa rangi, na ni wajibu wa kila anayelinukuu kusema hivyo waziwazi.