SURYA BONALY: MSHINDANI ALIYEVUA NISHANI

Wahenga walinena kuwa asiyekubali kushindwa si mshindani. Methali hii twaisikia kila muhula, hasa timu yetu inapochapwa ugenini tukarudi kwenye basi kimya kama maji mtungini. Lakini je, mshindani akiamini ameshinda, nao waamuzi wakasema ameshindwa, afanyeje? Hebu, msomaji mpenzi, tumtazame Surya Bonaly wa Ufaransa, bingwa wa mchezo wa kuteleza kwenye barafu.

Kwanza tuuelewe mchezo wenyewe. Mchezaji huvaa viatu vyenye chuma chembamba chini, mfano wa kisu, kisha huteleza juu ya barafu ngumu huku muziki ukipigwa. Hucheza, huzunguka kama pia, na huruka akajizungusha hewani mara mbili au tatu kabla ya kutua kwa mguu mmoja. Mchezo huu si kama mbio za mita 1,500, ambapo anayetangulia kufika utepeni ndiye mshindi na ubishi umekwisha. Huu ni ndugu wa tamasha la muziki la shule: waamuzi huketi na karatasi zao, wakatoa alama kulingana na waliyoyaona. Enzi za Surya, alama ya juu kabisa ilikuwa 6.0. Kila mwamuzi alitoa alama ya ufundi, na nyingine ya sanaa, yaani uzuri wa uchezaji. Kuhesabu miruko si kazi ngumu. Lakini uzuri, bwana, utaupima kwa ratili gani?

Surya alizaliwa tarehe 15 Desemba 1973 mjini Nice, kusini mwa Ufaransa. Angali mtoto mchanga, alichukuliwa na Suzanne na Georges Bonaly wakamlea kama mwana wao wa kumzaa. Mama huyo alikuwa mwalimu wa mazoezi ya viungo, na si ajabu kwamba binti alianza na sarakasi kabla ya kujitosa kabisa katika barafu. Huko kwenye sarakasi ndiko alikozipata zile nguvu za miguu zilizowashangaza watu baadaye.

Mafanikio yake si haba. Alikuwa bingwa wa Ufaransa mara 9 mfululizo, kuanzia 1989 hadi 1997, na bingwa wa Ulaya mara 5 mfululizo, kuanzia 1991 hadi 1995. Katika Olimpiki ya 1992 kule Albertville, nchini mwake, yeye ndiye aliyekula kiapo kwa niaba ya wanamichezo wote. Hapo alijaribu kuruka na kujizungusha mara nne hewani, jambo ambalo wanawake wa wakati ule hawakulithubutu. Mzunguko wa nne haukutimia sawasawa, akamaliza wa 5. Miaka miwili baadaye, Olimpiki ya Lillehammer, alikuwa wa 4. Nishani ya Olimpiki ilimpita chupuchupu.

Kisha yakaja mashindano ya dunia ya 1994 huko Chiba, Japani. Surya na Yuka Sato, mwenyeji, walikaribiana mno. Waamuzi walikuwa tisa; watano wakamchagua Sato, wanne wakamchagua Surya. Mwamuzi mmoja tu! Wakati wa kutuzwa, Surya alikataa kupanda jukwaani, na alipopandishwa na kuvishwa nishani ya fedha, aliivua mbele ya umati. Watazamaji wakamzomea huku machozi yakimtoka.

Watu waligawanyika. Wapo waliosema kuwa waamuzi hawakuupenda mwili wake wenye misuli wala ngozi yake nyeusi, katika mchezo ambao wachezaji wake karibu wote walikuwa Wazungu na Waasia. Wengine wakajibu kuwa Debi Thomas, Mmarekani Mweusi, alikuwa ametwaa ubingwa wa dunia mwaka 1986, na kwamba Surya aliruka vizuri lakini hakuteleza kwa ulaini. Ya moyoni mwa mwamuzi hayajulikani. Ila tuseme kweli: Sato naye hakuwa amemkosea mtu, na siku yake ya furaha ilitiwa doa.

Je, Surya alisusa? La hasha! Mwaka 1995 alirudi uwanjani, akashinda Ulaya kwa mara ya tano, na katika mashindano ya dunia akapata fedha tena, ya tatu mfululizo, nyuma ya Chen Lu wa Uchina. Mwaka 1996 mshipa wa kisigino ulimkatika, jeraha ambalo limewastaafisha wengi. Akajiuguza, akarudi.

Olimpiki yake ya mwisho ilikuwa Nagano, 1998. Mwili ulikuwa na maumivu, na baada ya sehemu ya kwanza ya mashindano aliona nishani haipo. Basi katikati ya uchezaji wake wa mwisho aliruka samasoti ya kinyumenyume, miguu juu kichwa chini, akatua kwa mguu mmoja! Mruko huo ulikuwa umepigwa marufuku tangu miaka ya sabini, baada ya Terry Kubicka wa Marekani kuuruka katika Olimpiki ya 1976. Ilisemwa kuwa ni wa hatari, tena hutuliwa kwa miguu miwili. Surya alijua atakatwa alama. Alimaliza wa 10, akawapa waamuzi kisogo na kuwainamia watazamaji, waliokuwa wakishangilia.

Mwaka 2024, miaka 26 baadaye, chama cha kimataifa cha mchezo huo kiliiondoa marufuku hiyo. Kumbe lililokuwa kosa jana laweza kuwa halali leo.

Sasa turudi kwa wahenga. Kwa maoni yangu, kuvua nishani pale Chiba hakukumpa Surya dhahabu, bali kurudi mwaka uliofuata ndiko kulikoonyesha ushindani wake. Kukubali kushindwa si kusema kwamba mwamuzi hakosei. Ni kufunga kamba za viatu na kurudi uwanjani, hata kama mwamuzi ni yule yule. Wanaspoti wetu, na nyinyi mnaongoja matokeo ya mtihani, mmesikia?