Mara Nane

Machi 4, 2013, vifaa vya kutambua wapiga kura kwa alama za vidole vilizimika katika vituo vingi vya Kenya. Betri ziliisha chaji, na kwingine makarani hawakuwa na nywila. Foleni zikarefuka, watu wakanung'unika, kisha sajili ya karatasi ikafunguliwa na kura zikapigwa.

Kasoro mbaya zaidi ilikuwa Bomas of Kenya, Nairobi, kituo cha kitaifa cha kujumlisha kura, na yenyewe haikumzuia mtu yeyote mlangoni. Wakazi wa Manyatta, Kisumu, waliiona kwenye runinga kama Wakenya wengine: kura zilizokataliwa zilipanda hadi kupita 300,000. Wachambuzi hawakukosa maelezo. Karatasi sita za kura, masanduku ya rangi sita, basi wananchi wamechanganyikiwa! Baadaye tume ya uchaguzi, IEBC, ikaeleza kwamba programu ilikuwa ikizidisha idadi hiyo mara nane. Hesabu ya mwisho ilikuwa 108,975.

Hilo si jambo dogo. Katiba inamtaka mshindi wa urais apate zaidi ya nusu ya kura zote zilizopigwa. Uhuru Kenyatta alitangazwa mshindi kwa asilimia 50.07, akiwa ameipita nusu kwa kura takriban 8,400. Suala la iwapo kura zilizokataliwa ziingie kwenye hesabu au la lilifika Mahakama ya Juu, ambayo Machi 30 iliamua zisiingie.

Kupima uzito wa kasoro si kazi ya tume pekee: watengenezaji programu nao hupanga kasoro kwa madaraja kabla ya kutoa toleo: ipi izuie, ipi ingoje. Hukosea wanapohesabu malalamiko badala ya kupima madhara. Oktoba 2018 Microsoft ilisambaza toleo la Windows 10 lililofuta faili za baadhi ya watumiaji. Waliokuwa wameripoti tatizo hilo mapema walikuwa wachache mno. Toleo likasimamishwa baada ya siku chache, likarudi Novemba.

Kampuni huweza kusogeza tarehe ya toleo, lakini siku ya uchaguzi imewekwa na Katiba. Kinachoweza kuzuiwa ni kipande tu cha mtambo, na mwaka 2013 kipande hicho kilipaswa kuwa skrini ya jumla pale Bomas. Kifaa kilichozimika kina mbadala wa karatasi. Jumla ya uongo inayoonekana safi haina, kwa sababu hakuna anayejua kwamba mbadala unahitajika.

Mwaka 2022 IEBC iliweka mtandaoni picha za Fomu 34A, yaani fomu za matokeo ya vituo, za vituo 46,229 na kuwaachia wengine kujumlisha. Vyombo vya habari vilitofautiana kwa siku kadhaa, ndiyo, lakini mkazi wa wadi ya Manyatta B aliweza kulinganisha picha ya kituo chake na nakala iliyobandikwa hapo.

Uchaguzi mkuu ujao ni Agosti 10, 2027. Mitambo itakapojaribiwa, mawakala wa vyama wasiridhike kuona vifaa vinawaka. Wapewe fomu za majaribio, wajumlishe kwa kalamu, na jumla ya mtambo isipolingana na yao, skrini isiwashwe.