Twende Hombolo Tukawatazame Ndege

Ndugu msomaji, sisi wakulima wa Msalato tukisikia neno ndege, tunafikiria nini? Tunafikiria kwelea kwelea. Tunafikiria kuamia uwele na mtama tangu alfajiri mpaka jua linazama.

Ni kweli, kwelea kwelea ni adui. Mmoja hula kama gramu 10 za nafaka kwa siku. Unaona ni kidogo? Haya, piga hesabu. Kundi la ndege 1,000,000 hula kilo 10,000 kwa siku. Hayo ni magunia 100 ya kilo mia mia!

Lakini je, kila ndege ni adui? Hapana. Kama huamini, nenda ukaone mwenyewe katika Bwawa la Hombolo.

Bwawa hili liko kaskazini-mashariki ya mji wa Dodoma, yapata kilometa 40. Lilijengwa mwaka 1957 kwa kuziba mto Kinyasungwe Mdogo.

Namna ya kutazama

Fika mapema, saa 12 asubuhi. Wakati huo ndege wanatafuta chakula. Keti kivulini, nyamaza kimya. Usirushe jiwe, wala usiguse viota. Usiingie majini, maana maji yaliyotulia huweza kuwa na konokono wa kichocho.

Basi, tazama vizuri kila ndege anakula nini. Yangeyange, wale weupe, wanawafuata ng'ombe. Kwa nini? Ng'ombe akikanyaga majani, panzi wanaruka, nao wanawadaka. Mdiria anapiga mbizi, anatoka na kisamaki. Hapo hakuna hata mmoja aliyegusa mtama wako.

Mgeni kutoka mbali

Wakati wa mvua, kati ya Novemba na Machi, korongo weupe huja Tanzania. Mbawa zao zina weusi, mdomo na miguu ni myekundu. Hawa wanatoka Ulaya. Wanakimbia baridi.

Zamani Wazungu hawakujua ndege wao wanakwenda wapi. Wengine walisema eti wanalala chini ya maji! Mwaka 1822, huko Ujerumani, alipigwa korongo mmoja. Shingoni alikuwa na mshale uliompenya. Walipoutazama, kumbe ni mshale wa Afrika! Ndege yule alikuwa ameruka nao safari yote. Hapo walipata ushahidi kwamba korongo wao wanakuja kwetu.

Na huku anakula nini? Nzige, panzi na viwavijeshi. Anatusaidia kulinda shamba, wala hadai mshahara.

Tuwe waangalifu

Kwelea kwelea wakizidi, wataalamu hunyunyiza dawa. Dawa hiyo haichagui. Mwewe akila kwelea aliyekufa kwa dawa, naye huweza kufa. Mtu je? Ndugu, usiokote ndege waliopigwa dawa ukawafanya kitoweo. Hiyo ni sumu. Wakataze na watoto. Na mtu anayetia sumu bwawani ili apate samaki, anawaua samaki, anawaua ndege, na anawadhuru wote wanaokunywa maji yale.

Adui tumpige vita. Lakini kwanza tumjue, tusije tukamwua rafiki.

Maswali ya kujadili

1. Taja ndege watatu wa kijijini kwenu. Kila mmoja anakula nini?
2. Watoto wenu wanapiga ndege gani kwa manati? Je, ndege hao wanaharibu mazao?