Mwacheni achemshe chai yake

Mwaka juzi dada yangu alilazwa hospitali siku tisa hapa Muscat, na mimi nikahamia kwake Mabela kumwangalia mwanawe. Kijana ana miaka 34, alizaliwa na sindromu ya Down. Asubuhi ya kwanza nilimkuta amekaa kitandani, mikono juu, anangoja avishwe kanzu. Miaka 34! Wallahi nilitoka chumbani asinione machozi.

Si kwamba hawezi kuvaa. Hakuna aliyewahi kumwacha ajaribu. Mama yupo, dada wa kazi yupo, kila kitu analetewa mpaka mdomoni. Na mama mwenyewe ana miaka 67, ana kisukari na moyo.

Sisemi haya kumlaumu dada. Nyumba zetu nyingi ndivyo zilivyo. Mgeni akipiga hodi, mtoto huyu anapelekwa chumba cha ndani, ati asisumbuliwe. Nami nina deni langu. Nilipokuwa nikifundisha sekondari ya misheni huko bara, nilikuwa na mwanafunzi mzito wa kusoma. Nikamkalisha nyuma na kwenye ripoti nikaandika "hafai". Kijana huyo huyo ndiye aliyekuwa akipanga sahani bwaloni bila kukosea hata moja. Sikuona.

Basi tukaanza na chai. Tuliikata kazi vipande vipande, tukamfundisha kutokea mwisho. Siku za kwanza mimi nilifanya yote, yeye akamimina tu kikombeni akanywa: kazi kaimaliza yeye, kafurahi. Kisha akatia sukari na kumimina. Kisha majani, mpaka akafika kwenye kujaza maji birika la umeme. Picha za kila hatua tulizibandika kabatini. Ilichukua kama wiki sita, vikombe vitatu vikavunjika, kidole kimoja kikaungua. Dada, ambaye alikuwa ameshatoka hospitali, alipiga ukelele siku ya kidole. Nikamwuliza, kwani wewe hujawahi kuungua jikoni?

Pesa zilikuwa ngumu zaidi. Riali moja ya Oman ni baisa 1,000, na masifuri yale humchanganya hata mgeni mwenye digrii. Hesabu tukaziacha. Kila siku tulimpa noti ileile ya nusu riali akanunue mkate, na mwenye duka, Mmalabari mmoja mpole, tukamweleza. Siku ya kwanza nilimfuata kwa nyuma, nikijificha kwenye magari ya majirani kama mwizi. Akarudi na mkate na chenji. Dada alikuwa hasemi nami. Alichoogopa hasa ni maneno: "Watu watasema nimemchoka mwanangu."

Jirani zetu wa Imarati tangu 2017 wanawaita watu hawa as'hab al-himam, wenye hima, na Machi 2019 Abu Dhabi iliandaa Michezo ya Dunia ya Special Olympics, mara ya kwanza kufanyika Mashariki ya Kati. Oman nayo iliridhia mwaka 2009 Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao ibara yake ya 19 inawapa haki ya kuishi ndani ya jamii na kuchagua wakae wapi na nani. Jamaa zetu walioko England wana sheria ya 2005: mtu mzima huhesabiwa kuwa anaweza kujiamulia mpaka ithibitishwe vingine, na kuamua vibaya peke yake si ushahidi kwamba hawezi. Mimi niliwahi kuuza gari zima nikanunua bovu, na hakuna aliyeninyang'anya funguo.

Sasa kila alasiri kijana anamtengenezea mama yake chai. Mwanzo alikuwa akimtilia sukari vijiko vitatu. Siku hizi anamwuliza kwanza. Wiki iliyopita aliniambia, "Mjomba, nataka ufunguo wangu wa nyumba." Nimeshauchongesha. Dada bado hajasema ndiyo, nami bado natembea nao mfukoni.